Sumu Isiyooza: Metali Nzito katika Udongo wa Karibu na Viwanda na Funzo la Owino Uhuru

Utangulizi

Mjadala kuhusu uchafuzi wa mazingira nchini Kenya aghalabu hujikita katika mambo yanayoonekana kwa macho au kunuswa kwa pua: moshi wa viwanda na magari, mito iliyobadilika rangi, taka za plastiki na majaa yaliyofurika. Udongo hutajwa kwa nadra. Huenda hali hii inatokana na imani ya tangu jadi kwamba ardhi humeza kila kitu. Mzoga ukifukiwa huoza, majani yakianguka hugeuka mboji, na maji machafu yakimwagwa hupotea. Imani hiyo ina ukweli wake kuhusu vitu vyenye asili ya uhai. Kuhusu metali nzito, hata hivyo, haina ukweli wowote.

Makala haya yanafafanua namna metali nzito zinavyoingia katika udongo wa karibu na viwanda, zinavyodumu humo na zinavyomfikia binadamu. Mfano mkuu ni kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliendesha shughuli zake kuanzia mwaka 2007 hadi 2014. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba kufungwa kwa kiwanda hukomesha moshi lakini hakuondoi sumu iliyokwisha kutua ardhini. Kwa hiyo kinga ya kweli ni ile inayotangulia ujenzi wa kiwanda, na kinga hiyo haiwezi kukamilika iwapo wakazi hawaelezwi hatari kwa lugha wanayoielewa.

Dhana ya metali nzito

Istilahi metali nzito hurejelea kundi la metali, pamoja na elementi chache zinazokaribiana nazo kitabia, ambazo ni nzito kwa kulinganishwa na ujazo wake na ambazo nyingi huwadhuru viumbe hata zikiwa kwa kiasi kidogo. Miongoni mwake ni risasi, zebaki, kadimiamu, kromiamu na aseniki. Shaba na zinki pia huingizwa katika kundi hili. Mwili huzihitaji hizi mbili kwa kiwango kidogo, lakini zikizidi hugeuka kuwa sumu. Risasi, zebaki na kadimiamu hazina kazi yoyote inayojulikana katika mwili wa binadamu.

Kiswahili hakikuanza kuzifahamu metali hizi katika maabara. Majina risasi na zebaki yametokana na Kiarabu, nayo yamekuwamo katika lugha kwa muda mrefu. Risasi ina uzito wa zaidi ya mara 11 ya maji ya ujazo ule ule, na uzito huo ndio ulioifanya ifae kuwa chubwi ya mvuvi ya kuzamishia mshipi, bildi ya nahodha ya kupimia kina cha maji, na timazi ya mwashi ya kunyooshea ukuta. Tatizo ni kwamba kwa wazungumzaji wengi wa leo, neno risasi huleta fikirani kitu kimoja tu, nacho ni kile kitokacho katika mtutu wa bunduki. Mzazi akiambiwa kwamba mwanawe ana risasi mwilini anaweza kutafuta jeraha. Ilhali risasi ya bunduki huua kwa kishindo na papo hapo, metali hii hudhuru kimyakimya na kwa miaka mingi. Suala hili litarejelewa baadaye, kwa kuwa lina uzito kuliko linavyodhaniwa.

Namna viwanda vinavyochafua udongo

Viwanda hutofautiana kwa aina ya metali vinavyoziachilia. Viwanda vya ngozi hutumia chumvi za kromiamu kulainishia na kuhifadhi ngozi. Viwanda vya kupaka vyuma rangi ya fedha au kuvizuia visishike kutu hutumia kromiamu, nikeli na zinki, na wakati mwingine kadimiamu. Viwanda vya kuyeyusha betri za magari huachilia risasi.

Inafaa kulifafanua suala la betri kwa kina. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya kawaida ya gari ni risasi. Sehemu nyingine ni maji ya asidi ya salfa na kasha la plastiki. Betri ikichakaa, risasi yake huwa bado ina thamani. Hiyo ndiyo sababu biashara ya kukusanya na kuyeyusha betri kuukuu imeenea ulimwenguni. Kasha hupasuliwa, asidi humwagwa, na vibao vya risasi hutiwa katika tanuri. Risasi huyeyuka katika joto la nyuzi 327 za Selsiasi tu, kiwango ambacho hata fundi wa jua kali anaweza kukifikia kwa makaa. Hatua zote hizo zikifanywa bila vichujio vya moshi, sakafu isiyovuja na mitaro iliyofungwa, risasi hutoka kwa njia tatu: vumbi na moshi unaotua juu ya paa, nyua na mashamba, maji yenye asidi yanayotiririka nje ya ukuta, na makapi ya tanuri yanayotupwa au kufukiwa kiholela. Kwa kuwa chembe nyingi za risasi ni nzito, sehemu kubwa hutua karibu na kiwanda. Hivyo basi mwathiriwa wa kwanza huwa ni yule anayepakana na ukuta wa kiwanda, ambaye kwa kawaida ni maskini asiyekuwa na uwezo wa kuhama.

Baada ya kutua, metali hiyo haiozi. Takataka za jikoni huliwa na bakteria hadi zikatoweka. Hata mafuta ya petroli yaliyomwagika huweza kuvunjwavunjwa na vijidudu vya udongo kadiri muda unavyopita. Risasi ni elementi. Haina kitu kidogo zaidi kinachoweza kuwa chakula cha bakteria. Inachoweza kufanya ni kubadilisha umbo, yaani kuungana na elementi hii au ile, lakini itabaki kuwa risasi.

Udongo wenyewe huchangia kuishikilia. Chembe za mfinyanzi na mboji zina chaji hasi za umeme ambazo huzivuta na kuzinasa chembe za metali zenye chaji chanya. Kwa sababu hiyo risasi haizami mbali, bali hukaa katika sentimita chache za juu, pale pale miguu ya watoto inapokanyaga na jembe linapopita. Nguvu ya kunasa hutegemea pia uchachu wa udongo. Udongo unapokuwa na asidi nyingi, metali huachiliwa na kuingia katika maji. Hapa ndipo madhara ya kiwanda cha betri yanapojirudufu: asidi inayomwagwa hulegeza risasi iliyotua pamoja nayo.

Kutoka udongoni hadi mwilini

Watu wengi hudhani kwamba sumu ya udongoni humfikia mtu kupitia mazao pekee. Mazao ni njia mojawapo, lakini metali hazifanani. Kadimiamu hupenya mizizi kwa urahisi na kufika katika majani ya mchicha na punje za mchele. Kuosha mboga hakuwezi kuiondoa. Risasi, kwa upande wake, hubakia zaidi mizizini, na ile inayopatikana katika majani mara nyingi ni vumbi lililotua juu yake. Kuosha mboga kwa makini hupunguza vumbi hilo.

Njia kuu ya risasi ni mkono na mdomo. Mtoto mchanga hutambaa, hushika chini, kisha hutia vidole kinywani. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Ulimwenguni, mwili wa mtoto hufyonza risasi iliyomezwa mara 4 hadi 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima. Aidha, mwili huichukulia risasi kana kwamba ni kalisiamu, madini ya kujenga mifupa, na kuihifadhi mifupani kwa miaka mingi. Mwanamke anapokuwa mjamzito, mifupa yake huachilia kalisiamu kwa ajili ya mimba, na risasi iliyolala humo huamka na kuvuka hadi kwa kijusi. Mila ya baadhi ya wajawazito ya kula udongo, ambayo ipo katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, huongeza hatari iwapo udongo huo umetoka mahali palipochafuliwa.

Wafanyakazi nao hurudi nyumbani na vumbi katika nguo, nywele na viatu. Methali isemayo kikulacho ki nguoni mwako inapata hapa maana ya moja kwa moja. Baba anayemkumbatia mwanawe kabla ya kuvua ovaroli humpa sumu pasi na kujua.

Athari za risasi ni nyingi. Ikiwa nyingi mno mwilini husababisha degedege, kupoteza fahamu na kifo. Ikiwa kiasi, huharibu damu, figo na mishipa ya fahamu, na husababisha mimba kuharibika. Hata ikiwa kidogo, hupunguza uwezo wa mtoto wa kujifunza, kukumbuka na kutulia darasani. Athari hizi kwa ubongo unaokua hazirekebishiki. Shirika la Afya Ulimwenguni limesisitiza kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Ni vyema kutanabahi kwamba mtoto aliyepungukiwa kwa namna hii haonekani mgonjwa. Huonekana mzito wa kuelewa, mtundu au mvivu, na huenda akaadhibiwa kwa kosa lililotendwa na tanuri.

Kisa cha Owino Uhuru

Owino Uhuru ni kitongoji cha watu wapatao 3,000 katika Kaunti ya Mombasa. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi kikipakana na nyumba za wakazi. Muda si muda wakazi walianza kulalamikia moshi uliowawasha macho na koo, na maji machafu yaliyotiririka kutoka kiwandani.

Mwaka 2009 Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani humo kushughulikia uhusiano na jamii. Tathmini ya athari za kimazingira aliyoisimamia ilionyesha kuwa kiwanda kilikuwa karibu mno na makazi, naye akapendekeza kihamishwe. Pendekezo hilo halikukubaliwa. Baadaye mwanawe mchanga aliugua, na vipimo vikaonyesha kwamba alikuwa na sumu ya risasi. Omido aliacha kazi, akaanzisha shirika la kutetea haki za kimazingira na kuwaongoza wakazi katika kudai kiwanda kifungwe. Kilifungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata Omido alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulilinganisha Owino Uhuru na kitongoji kingine cha Mombasa kinachoitwa Bangladesh, ambacho hakikuwa na kiwanda cha aina hiyo. Wastani wa risasi katika udongo wa Owino Uhuru ulikuwa miligramu 146.5 kwa kila kilo ya udongo. Katika Bangladesh ulikuwa miligramu 11.5. Wastani wa risasi katika damu ya watoto ulikuwa mikrogramu 7.4 kwa desilita katika Owino Uhuru na 3.7 katika Bangladesh. Kwa maneno mengine, udongo ulikuwa na risasi takriban mara 13 zaidi, na damu ya watoto mara 2. Vitongoji hivi viko katika mji mmoja, na maisha ya wakazi wake yanafanana kwa mengi. Tofauti kubwa baina yao ni tanuri.

Mwaka 2016 wakazi waliwasilisha kesi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa. Msingi wa madai yao ulikuwa Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika kifungu cha 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Mnamo Julai 2020 mahakama iliamua kwamba haki hiyo ilikuwa imekiukwa. Iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kuagiza udongo na maji yasafishwe katika muda wa miezi 4, la sivyo shilingi milioni 700 zitolewe kwa kazi hiyo. Sehemu ya lawama iliangukia asasi za serikali, ikiwemo Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, ambazo wajibu wake ulikuwa kuzuia madhara hayo. Mahakama ya Rufani ilitengua fidia hiyo mwaka 2023. Mnamo Desemba 2024 Mahakama ya Juu iliirejesha hukumu ya mwaka 2020. Kwa hiyo kutoka kufungwa kwa kiwanda hadi neno la mwisho la mahakama kulipita takriban miaka 11. Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipofungwa alikuwa tayari amefikia madarasa ya juu ya shule ya msingi.

Kufunga kiwanda si kusafisha udongo

Swali linalozuka ni hili: ikiwa tanuri lilizimwa mwaka 2014, kwa nini mahakama iliagiza udongo usafishwe? Jibu linadhihirika kwa kutazama nchi mbili ambazo zilikumbwa na tatizo hili mapema zaidi.

Katika mji wa Kabwe, Zambia, risasi na zinki zilichimbwa na kuyeyushwa kuanzia mwaka 1902 hadi 1994. Mgodi ulipofungwa, makapi yake na udongo uliochafuliwa vilibaki. Watoto waliozaliwa miaka mingi baada ya kufungwa huko, katika mitaa ya karibu kama vile Kasanda na Chowa, wamepatikana na viwango vya juu sana vya risasi katika damu. Hawakuwahi kuuona moshi wa kiwanda, wameurithi udongo.

Nchini Japani, mgodi wa Kamioka uliachilia kadimiamu katika mto Jinzu, ambao maji yake yalinyunyizia mashamba ya mpunga katika mkoa wa Toyama. Wakulima, hasa wanawake wa makamo waliokwisha kuzaa, walipatwa na ugonjwa wa figo na mifupa uliowavunja hata kwa kukohoa. Ugonjwa huo uliitwa itai-itai, yaani inauma inauma. Serikali ya Japani iliutambua rasmi mwaka 1968 kuwa umetokana na uchafuzi. Baada ya wakulima kushinda kesi yao, mashamba yalianza kufanyiwa ukarabati kwa kufukia udongo wenye sumu na kuufunika kwa udongo safi. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka 30 na ilikamilika mwaka 2012. Japani ilikuwa na fedha, wataalamu na nia, na bado ilihitaji umri wa kizazi kizima.

Mbinu za kusafisha udongo zipo. Tabaka la juu linaweza kuchotwa na kupelekwa mahali salama. Linaweza pia kufunikwa kwa udongo safi au saruji. Chokaa, fosfati na mboji huweza kuchanganywa na udongo ili zipunguze uchachu na kuibana metali isitembee. Ipo mimea inayofyonza metali, japo huhitaji miaka mingi na lazima yenyewe ikishavunwa itupwe kama taka ya sumu. Tiba ya hospitali pekee haitoshi. Katika jimbo la Zamfara, Nigeria, ambako mamia ya watoto walifariki mwaka 2010 kutokana na risasi iliyokuwamo katika mawe ya dhahabu yaliyosagwa vijijini, ilibidi nyua zisafishwe kwanza ndipo watoto watibiwe. Kumtibu mtoto kisha kumrudisha katika ua ule ule ni sawa na kuteka maji kwa pakacha.

Lugha kama sehemu ya kinga

Ikiwa kusafisha ni kugumu kiasi hicho, kuzuia ndiko kunakobaki. Sheria ya Kenya inalitambua jambo hili. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 ilidai tathmini ya athari za kimazingira kabla ya mradi kuanza. Kanuni zake za mwaka 2003 ziliagiza mikutano isiyopungua 3 na watu watakaoathirika, na tangazo la redio kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi, na kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari.

Hata hivyo, ripoti za tathmini huandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu. Mkazi anayeulizwa iwapo anakubali mradi ambao hatari zake hazielewi hajashirikishwa, amehudhuria tu. Hapa ndipo wasomi wa Kiswahili wanapokuwa na wajibu ambao wanakemia hawawezi kuutekeleza peke yao.

Wajibu huo unaanza na maneno ya kila siku. Uchafu ni kitu kinachoonekana na kufagiwa. Uchafuzi wa metali hauonekani, na ua uliofagiwa ukang’aa unaweza kuwa na sumu tele. Isitoshe, kufagia kwa ufagio mkavu hurusha vumbi hewani, ilhali kupangusa kwa kitambaa chenye maji hulikusanya. Vivyo hivyo, afisa wa afya atakayesema metali ya risasi au sumu ya risasi ya betri ataeleweka haraka kuliko atakayesema risasi pekee. Na takwimu kama miligramu 146.5 kwa kilo haimwambii mzazi lolote mpaka ilinganishwe na udongo wa mtaa wa pili. Kutafsiri ripoti ya aina hii si kubadilisha istilahi tu. Ni kumwezesha msomaji kuchukua hatua: anawe mikono ya mtoto kabla ya kula, avue nguo za kazi nje, asilime mboga kando ya ukuta wa kiwanda, adai vipimo vya damu, na asimame mkutanoni kuuliza swali litakaloandikwa katika kumbukumbu.

Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba metali nzito hutofautiana na takataka nyingine kwa kuwa haziozi, hunaswa katika tabaka la juu la udongo, na humfikia mtoto kabla ya mtu mwingine yeyote. Kisa cha Owino Uhuru kimedhihirisha kwamba haki inaweza kupatikana mahakamani, lakini pia kwamba hukumu huja baada ya madhara. Mifano ya Kabwe na Toyama imeonyesha umri wa tatizo hili panapokosekana usafishaji na hata panapokuwepo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa udongo uliochafuliwa, ukuta huo hujengwa kwa mabilioni ya shilingi na kwa miongo ya miaka, na akili ya mtoto iliyopotea haijengeki tena. Wanafunzi wa Kiswahili walio katika vyuo vikuu leo ndio watakaokuwa watafsiri, watangazaji, walimu na maafisa wa kaunti kesho. Wakati tangazo la kiwanda kipya litakapobandikwa katika ofisi ya chifu, mmoja wao atatakiwa awepo kulieleza.